Daftari la DDA (dawa zinazodhibitiwa kisheria) liko sawa, fentanili, dawa kali ya maumivu, bado inavuja: tukague wapi?

Mdau wa Thieta
Wakuu, ampulu za fentanili zinahesabiwa asubuhi na jioni, nzima na tupu, na idadi haipishani na daftari. Lakini wagonjwa wa mtoa usingizi mmoja wanafika chumba cha kuzindukia wakilia maumivu, ilhali chati inaonyesha dozi ya kutosha. Mwanya uko wapi?

Funguo Mbili
Uko kwenye mililita, mkuu, siyo kwenye ampulu. Ampulu ni maikrogramu 100 ndani ya mililita 2. Upasuaji wa uzazi kwa sindano ya mgongo unachukua maikrogramu 10 hadi 25 tu. Ampulu tupu imerudi, daftari limekaa sawa, na mililita moja na nusu haijulikani ilipo.

Kila mstari uwe na tarakimu tatu: iliyovutwa, aliyopewa mgonjwa, iliyomwagwa. Shahidi aone dawa ikimwagwa, asaini palepale. Kusaini kesi 6 kwa mpigo mwisho wa zamu ni kuchora tu.

Mfamasia wa Zamu
Hiyo haimnasi anayeandika 100 akatoa 25. Linganisha watu kwa upasuaji wa aina moja, mwezi mzima: nani anatumia mara mbili ya wenzake, na wagonjwa wake wanataja maumivu mangapi kati ya 10. Angalia pia dalili za anayejidunga mwenyewe: anayekataa kupokewa akapumzike, anayeomba zamu za wenzake, anayevaa mikono mirefu kwenye joto. Dalili moja si ushahidi, uchovu nao hufanana hivyo.

Ketamini, dawa ya usingizi, msiisahau. Kichupa cha mililita 10, miligramu 500, kinahudumia wagonjwa kadhaa, kwa hiyo kuhesabu vichupa hakusaidii. Andikeni mililita zilizobaki. Propofoli, nayo ya usingizi, ndiyo balaa, sehemu nyingi haimo hata kwenye kabati la DDA.

Mdau wa Thieta
Ushahidi ukipatikana, inchaji amwite ofisini?

Funguo Mbili
Asimwite akiwa peke yake, wala asimdokeze kwa simu. Waende wawili, kabla hajashika kesi ya siku. Funguo za kabati zirudi hapohapo, na asiachwe peke yake hata kwenda chooni: saa za kwanza baada ya kubainika ndizo zenye hatari ya kujiua. Tiba ya uraibu ianze siku hiyohiyo. Muhimbili kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, ipo tangu 2011.

Akirudi kazini, msimpe funguo za kabati kwa kuwa tu anaonekana mzima. Mwili ukishazoea kukaa bila dawa, dozi yake ya zamani inakata pumzi. Aanzie kliniki ya kupima wagonjwa kabla ya upasuaji, pasipo na ampulu.