Nimenyimwa nyumba ya halmashauri kwa sababu ya akiba

Swali:
Ndugu zangu mlioko Uingereza, mimi na mume wangu tuliachana mwaka jana, tukauza nyumba, na baada ya kulipa deni la benki fungu langu likawa pauni 38,000. Nina miaka 61 na goti bovu. Halmashauri imekataa kuniingiza kwenye orodha ya wanaosubiri nyumba zake za kupanga kwa bei nafuu kwa kuwa akiba yangu imepita kiwango chao, ingawa kwa kipato changu sipati benki ya kunikopesha. Nifanye nini?

Jibu la kwanza:
Pole sana, dada. Tangu sheria ya mwaka 2011, kila halmashauri ya England hujiwekea masharti yake ya nani aingie kwenye orodha, ndiyo maana viwango vya akiba hutofautiana. Una haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya. Andika barua, ambatisha ya daktari, na ueleze kwa nini fedha hizo haziwezi kukununulia nyumba inayokufaa.

Jibu la pili:
Naongeza onyo: usiwagawie watoto au ndugu wa nyumbani fedha hizo ili zipungue, kwani halmashauri ikiona umejivua mali makusudi inaweza kuzihesabu kana kwamba bado unazo. Kwa kawaida akiba ikizidi pauni 16,000, hata Universal Credit, yaani msaada wa fedha wa serikali kwa wenye kipato kidogo, huipati. Ulizia pia nyumba za kupanga zilizotengewa wazee wanaojitegemea. Baadhi ya vyama vya nyumba, yaani mashirika yasiyo ya faida yanayopangisha nyumba kwa bei nafuu, hupokea maombi moja kwa moja.

Muuliza swali:
Asanteni. Barua ya daktari ninayo kabatini. Sikujua kwamba ingefaa.