Rekodi ya mwanaharakati anapowania uongozi wa chama: Lissu, Ellison, Hogg. Nani aliitumia vizuri?

Kigoda_Cha_Hoja (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za leo. Naomba tujadili kwa hoja. Mwanaharakati akichukua fomu ya uongozi ndani ya chama, rekodi yake ya harakati inakuwa mtaji au mzigo? Nalinganisha watu watatu ambao matokeo yao yanajulikana:

1. Tundu Lissu, uenyekiti wa CHADEMA, Januari 2025, Mlimani City. Alishinda kwa kura 513 dhidi ya 482 za Freeman Mbowe. Odero Charles Odero alipata 1, na kura 3 ziliharibika.

2. Keith Ellison, uenyekiti wa Kamati ya Taifa ya chama cha Democratic, Marekani, Februari 2017, Atlanta. Alishindwa duru ya pili, 200 kwa 235 za Tom Perez.

3. David Hogg, umakamu mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo, Februari 2025. Alishinda, na Juni mwaka huo huo hakuwa tena na nafasi.

Kwa mtu anayejiandaa kugombea ndani ya chama chake sasa, afuate njia ya nani? Kwetu Tanzania swali hili ni zito zaidi kwa sababu sheria haina mgombea binafsi. Ukitaka kugusa dola, lazima upite kwenye chama.

---

Mjumbe_Wa_Kata

Mada nzuri, mkuu. Ila kabla ya kupima rekodi, tuulize kwanza nani anaisoma. Hapo ndipo wanaharakati wengi wanapotelea.

Uenyekiti wa CHADEMA haupigiwi kura na wanachama wote. Zilipigwa kura 999 tu, na wapigaji wametoka mikoani, wilayani na kwenye mabaraza: BAVICHA (vijana), BAWACHA (wanawake) na BAZECHA (wazee). Marekani ni hivyo hivyo. Mwaka 2017 kamati ile ilikuwa na wajumbe 447: wenyeviti na makamu wa chama wa kila jimbo, waliochaguliwa majimboni, na wengine walioteuliwa. Wale wa Wademokrati wanaoishi nje ya nchi wana nusu kura kila mmoja, ndiyo maana utaona matokeo yenye 0.5.

Kwa hiyo mwenye wafuasi milioni mtandaoni anaingia ukumbini na watu 999 ambao pengine hawajawahi kumfuata. Mjumbe wa wilaya anauliza vitu vitatu: Huyu alikuja kwetu lini? Siku kijana wetu alipokamatwa nani alileta wakili? Akishinda, sisi tulioko chini tutabaki wapi? Rekodi isiyojibu maswali hayo haitembei, hata kama imeandikwa na magazeti ya dunia nzima.

Hesabu ya Lissu iangalieni vizuri. Tofauti ni kura 31. Wajumbe 16 tu wangehama upande, Mbowe angekuwa na 498 na Lissu 497. Ushindi mzima ulisimama kwenye watu wanaojaa kwenye basi dogo moja.

---

Wakili_Msomaji

Nikazie hapo kwa Lissu, maana rekodi yake watu huitaja kwa jumla jumla.

Ina tabaka nne. La kwanza ni uanasheria wa mazingira na wachimbaji wadogo, kazi yake na LEAT, timu ya wanasheria wa mazingira, kuhusu mgodi wa Bulyanhulu. La pili ni ubunge wa Singida Mashariki kuanzia 2010 hadi kiti kilipotangazwa kuwa wazi 2019. La tatu ni urais wa Chama cha Mawakili Tanganyika, Machi 2017, na kupigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba mwaka huo huo. La nne ni kugombea urais 2020 na kurudi nyumbani Januari 2023.

Sasa, kati ya hayo lipi lilimpa kura za mkutano mkuu? Naona hakuna hata moja peke yake. Matatu ya kwanza yalikuwepo alipochaguliwa makamu mwenyekiti mwaka 2019 chini ya Mbowe huyo huyo. Kilichoongezeka baadaye, ukiacha tabaka la nne, ni msimamo ndani ya chama. Mei 2024 alisema hadharani Iringa kwamba kuna fedha zinamwagwa kwenye chaguzi za ndani. Alipotangaza kugombea tarehe 12 Desemba 2024 akaja na ukomo wa madaraka, uwazi wa fedha na mabadiliko ya utaratibu wa viti maalum. Mbowe alikuwa mwenyekiti tangu 2004. Yaani rekodi ya harakati ilimpa Lissu haki ya kuaminika alipozungumzia fedha na ukomo. Bila zile hoja tatu za ndani, ile rekodi ingebaki kuwa heshima tu. Na heshima ukumbini hupigiwa makofi, siyo kura.

---

Kigoda_Cha_Hoja

Umeniweka sawa kwenye 2019, sikuwa nimeliangalia hivyo. Vipi Ellison? Naye alikuwa na rekodi ndefu na aliungwa mkono na wakubwa.

---

Mswahili_Wa_Minnesota

Kwa Ellison niruhusuni niandike kirefu kidogo, kwa sababu kesi yake hufundisha kuhusu muda kuliko kitu kingine.

Alitangaza tarehe 14 Novemba 2016, siku sita tu baada ya uchaguzi ambao Clinton alishindwa. Alikuwa mbunge wa wilaya ya tano ya Minnesota, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa kwenye Bunge la Marekani (2006), na mwenyekiti mwenza wa kundi la wabunge wa mrengo wa kushoto. Seneta Bernie Sanders alimuunga mkono mara moja, na hata Schumer na Reid, vigogo wa chama kwenye Seneti, ambao si watu wa mrengo huo. Kwa mwezi mzima alionekana amemaliza kazi. Perez aliingia tarehe 15 Desemba.

Ndani ya mwezi huo yakafukuliwa maneno ya zamani. Kwanza, makala alizoandika 1989 na 1990 akiwa mwanafunzi wa sheria, kwa jina la Hakim, akimtetea Farrakhan, kiongozi wa Nation of Islam aliyelaumiwa kwa kauli dhidi ya Wayahudi. Pili, sauti ya 2010 aliposema sera ya Marekani Mashariki ya Kati inaendeshwa kwa kuangalia maslahi ya nchi yenye watu milioni saba, yaani Israeli. Tarehe 1 Desemba mkuu wa ADL, shirika linalopinga chuki dhidi ya Wayahudi, akasema maneno hayo yanamwondolea sifa.

Kilichoharibika ni nini? Jambo la Farrakhan alikuwa amelimaliza mwaka 2006 kwa barua aliyowaandikia viongozi wa Kiyahudi wa Minnesota. Lakini wajumbe wa 2016 hawakuwa wasomaji wa barua ya 2006. Akajikuta anajibu upya, kwa barua ya wazi, wakati mpinzani yuko mbioni kuingia. Utetezi ambao ungekuwa ukurasa wa kwanza wa kampeni ukawa zimamoto.

Halafu kuna kura za pili. Duru ya kwanza Perez alipata 213.5, akapungukiwa na kama kura moja hivi kushinda palepale. Ellison 200. Duru ya pili Perez 235, Ellison 200 ile ile. Hakuongeza hata nusu. Kura zote 21.5 zilizoongezeka zilikwenda upande mmoja. Kila aliyempenda Ellison alishampigia duru ya kwanza; hakuwa chaguo la pili la mtu yeyote. Rekodi kali ya harakati huleta hilo: wanaokupenda wanakupenda kabisa, waliobaki hawakufikirii.

---

Bi_Takwimu

Napingana kidogo na mswahili wa Minnesota. Maneno ya zamani hayakumwangusha Ellison. Schumer hakumwacha, Sanders hakumwacha, na kura 200 kati ya mia nne na kitu si kura za mtu aliyechafuka. Kilichomshinda ni kwamba watu waliokuwa karibu na Obama walitaka mtu wao, na Perez alikuwa waziri wa kazi wa Obama mwenye rekodi yake nzuri ya haki za wafanyakazi. Ukigombea kwa sifa ya haki za wanyonge na mpinzani naye anayo, sifa hiyo inajifuta. Mjumbe anabaki kuchagua kwa urafiki na kwa nani alimpigia simu.

Na Ellison hakuondoka mikono mitupu. Perez alipotangazwa tu, aliomba Ellison awe naibu mwenyekiti, na ukumbi ukakubali siku ile ile. Mwaka 2018 Ellison akachaguliwa Mwanasheria Mkuu wa Minnesota. Kushindwa kwa heshima nako kunaingia kwenye rekodi.

---

Mswahili_Wa_Minnesota

Nakubali kuhusu Perez, hoja yako ya sifa kujifuta ni ya kweli. Ila unaibu ule haukuwa na nguvu ya kuteua. Oktoba 2017 Perez alipopanga upya wateule wake, baadhi ya waliomuunga mkono Ellison walipoteza nafasi zao, akiwemo Ray Buckley wa New Hampshire, aliyejitoa kwenye kinyang'anyiro ili ampishe Ellison. Anayepewa nafasi ya maridhiano aulize kwanza: nateua nani, nasaini nini?

---

Kalamu_Ya_Vijana

Hogg je? Kwangu yeye ndiye aliyeonewa. Kijana aliyenusurika mauaji ya shule ya Parkland 2018, akawa miongoni mwa walioanzisha maandamano ya kudhibiti bunduki, akapata umakamu akiwa na miaka 24. Akasema taasisi yake itatumia dola milioni 20 kuwapinga wabunge wa Democratic waliolala kwenye majimbo salama. Wakamwondoa.

---

Mzee_Wa_Akidi

Kijana wangu, twende taratibu, maana hapa watu huchanganya mambo mawili.

La kwanza ni malalamiko ya utaratibu. Yaliwasilishwa na mgombea aliyeshindwa mara tu baada ya kura ya Februari, kabla ya habari ya dola milioni 20, ambayo ilitoka Aprili. Hoja ilikuwa namna kura za nafasi mbili za umakamu zilivyounganishwa kwenye karatasi moja, wakati kanuni zinadai uwiano wa wanawake na wanaume. Kamati ya hati, iliyosikiliza malalamiko hayo, ikapendekeza Mei uchaguzi urudiwe, na Juni wajumbe wakakubali kwa 294 dhidi ya 99.

La pili ni fedha. Mwenyekiti Ken Martin alisema maofisa wa chama wasiegemee upande kwenye kura za maoni. Hogg hakutaka kuacha kazi ile, na kura ya kurudia ilipopita akasema hagombei tena.

Malalamiko yale peke yake yangeweza kumalizwa kwa kurudia kura na yeye kushinda tena. Ile fedha ndiyo iliyomnyima watu wa kumtetea. Mwanaharakati akishakuwa ofisa wa chama anakuwa mwamuzi, na mwamuzi hachezi. Kama unataka kuwapinga wabunge waliolala, kaa nje na taasisi yako. Ukiutaka umakamu, taasisi mkabidhi mwingine kabla ya kuchukua fomu.

---

Nyota_Ya_Busia

Kutoka Kenya niongeze chaguo la nne: chama kidogo. Okiya Omtatah alijulikana kwa kesi za maslahi ya umma, na 2022 akawa Seneta wa Busia kwa tiketi ya National Reconstruction Alliance. Boniface Mwangi alitumia Ukweli Party kugombea ubunge wa Starehe 2017 na hakufaulu. Chama kidogo hakikusumbui na wajumbe, lakini siku ya kura hakina mawakala wa kutosha vituoni.

Jambo la kuangalia: sheria yetu ya vyama vya siasa ya 2011 inaweza kukuhesabu umejiuzulu ukipigia debe chama kingine. Mwanaharakati aliyezoea kupanda jukwaa la kila chama ajihadhari kabla hajajiandikisha.

---

Kigoda_Cha_Hoja

Ahsanteni. Sasa tushuke kwenye vitendo. Mtu yuko miezi sita kabla ya uchaguzi wa ndani. Aanze na nini?

---

Mjumbe_Wa_Kata

Mwezi wa kwanza: katiba ya chama na kanuni za uchaguzi, asome mwenyewe. Ajue sifa za mgombea, muda wa uanachama, ada, na kila mjumbe anapatikanaje. Mwezi huo huo aandike maneno yake ya zamani yote yanayoweza kumrudia, akiyapanga mwaka kwa mwaka. Kila moja mistari mitatu: nilisema nini, wapi, leo naamini nini. Kurasa mbili au tatu zinatosha, na azitoe mwenyewe kabla mpinzani hajazitoa.

Mwezi wa pili hadi wa nne ni wa safari na simu. Chaguzi za ngazi za chini ndizo zinazozaa wajumbe, na zinaamuliwa kwa kura chache mno. Uenyekiti wa CHADEMA Kanda ya Nyasa 2024, Joseph Mbilinyi (Sugu) alimshinda Peter Msigwa kwa 54 dhidi ya 52. Aliyesubiri ngazi ya taifa ndipo aanze kampeni amekuta wajumbe wa mwenzake wameshakaa.

Orodha ya wajumbe iwe na safu nne: wa kwangu, chaguo la pili ni mimi, hajaamua, hapana. Safu ya pili ndiyo Ellison aliikosa. Na ukihesabu ahadi, punguza moja kati ya tano.

---

Mzee_Wa_Akidi

Na mwezi wa mwisho atafute mtu mmoja ambaye kazi yake ni karatasi tu: daftari la mahudhurio, akidi (idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali), fomu za mawakala, karatasi za kura.

CHADEMA wenyewe baada ya ushindi ule walikutana na hili. Baraza Kuu la tarehe 22 Januari 2025 lilithibitisha katibu mkuu na wenzake. Mwanachama akalalamika, na Mei Msajili wa Vyama akasema akidi haikutimia, hivyo hawatambui. Chama kilipinga tafsiri hiyo, lakini ruzuku ilisimamishwa wakati mabishano yakiendelea. Daftari la mahudhurio lisainiwe mlangoni kabla ya ajenda ya kwanza, lihesabiwe kwa sauti, idadi iandikwe kwenye muhtasari, na nakala tatu zibaki kwa watu watatu tofauti.