Tupeane uzoefu: uliyejiandaa kuingia chuo cha kijeshi ukiwa bado sekondari, ilikuwaje?

Mwana wa Jericho: Leo kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, nikingoja matatu katika Barabara ya Jogoo, nilipitwa na vijana watano wakikimbia katika kaptula za michezo za shule, na mmoja wao alikuwa na mkoba ambao, kwa jinsi ulivyokuwa ukimpiga mgongoni, nilijua mara moja kwamba una matofali. Nikajiona nikiwa kidato cha tatu. Nilikuwa nimeapa kwamba nitaingia Lanet, chuo cha maafisa wa jeshi kule Nakuru, kama kadeti, si Eldoret, wanakofunzwa askari wa kawaida, kama kurutu, na kila alfajiri ya likizo nilikimbia hadi mzunguko wa Donholm na kurudi. Hisabati niliiacha ijitunze yenyewe. Kadeti huitishwa wastani wa B katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Mimi nilitoka na C na mapafu ya farasi. Nanyi je?

Sauti ya Kayole: Hisabati hiyo hiyo, ndugu yangu. Sina la kuongeza.

Binti Umoja: Mimi nilishindana na mizani. Mwanamume huhitajika awe na kilo 54.55 na mwanamke kilo 50, na kimo kisipungue mita 1.60. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na kilo 47. Mama alinipikia uji wa wimbi asubuhi na jioni, nami nikawa napanda mizani ya duka la dawa kila Jumamosi hadi mwenye duka akaanza kuniita Kanali. Siku yenyewe nilikunywa maji chupa mbili kubwa kabla ya kupanga foleni, nikasimama saa nne nzima bila kuthubutu kuuliza choo kiko wapi.

Kijana wa Huruma: Dada, huo ni udanganyifu. Ndiyo maana watu husema wanawake hulegezewa masharti.

Binti Umoja: Maji yalikuwa tumboni mwangu na mizani ilikuwa yao, ulizana nayo. Na kuhusu kulegezewa, Fatuma Ahmed alipofanywa Meja Jenerali mwaka 2018, mwanamke wa kwanza nchini kufika cheo hicho, kisha akakabidhiwa Jeshi la Wanahewa mwaka 2024, sidhani alifikishwa huko na chupa ya maji.

Mzee Buruburu: Wanangu, acheni kwanza ugomvi. Mwambieni kijana yule ayatoe matofali, kwa maana goti likiharibika akiwa na miaka kumi na saba halitamngoja hadi tangazo la usajili litoke. Akimbie bila mzigo na alale mapema.

Kijana wa Huruma: Mzee, mimi nilikimbia na mawe miaka miwili na magoti yangu yako salama. Alale mapema, kisha asome saa ngapi?

Kimya Kingi: Nimekuwa nikisoma tu, lakini neno Lanet limenitoa mafichoni. Mimi nilijiandaa tangu kidato cha pili, nikapata B yangu halali, nikatuma maombi kwa mtandao kama tangazo lilivyoagiza. Wiki zikapita kimya. Baba, ambaye ni mwashi na hajawahi kuniamini katika jambo la kungoja, akakutana Muthurwa na mtu nadhifu aliyesema ana jamaa ndani. Baba alikopa chamani, akauza na pikipiki, nasi baada ya siku kumi tukawa na barua yenye mhuri. Alisisitiza kunisindikiza Nakuru, akavaa koti alilofungia ndoa. Langoni, askari aliisoma barua, akaigeuza, akaniuliza kwa upole nimeipata wapi. Upole ule ndio ulionitia baridi. Nilitengwa kando na wenzangu sita, kila mmoja na barua kama yangu, mhuri ukiwa umepinda mahali pale pale. Polisi walipokuja kutuchukua, nilimwona baba ng'ambo ya barabara bado akinipungia mkono, akidhani tunapelekwa ndani ya chuo. Niliachiliwa baada ya kuandikisha taarifa. Mwaka uliofuata sikutuma maombi tena, ingawa umri ulikuwa bado unaniruhusu, na deni la chama tulilimaliza juzijuzi tu.

Sauti ya Kayole: Pole sana. Nimesoma mara mbili.

Kijana wa Huruma: Pole, lakini tusifichane: kila tangazo huandikwa kwamba usajili ni bure na kwamba hongo ni kosa. Mzee naye alivunja sheria.

Mzee Buruburu: Alivunja, na amelipa. Wewe hujawa mzazi.

Mwana wa Jericho: Turudi kwenye maandalizi, tafadhali. Nina mpwa wa kidato cha tatu anayetaka kuacha Fizikia. Nimkataze?

Binti Umoja: Mkataze. Somo la sayansi litaulizwa, na Kiingereza pia. Halafu mpeleke kwa daktari wa macho na wa meno sasa, asije akagundua kasoro yake mbele ya daktari wa jeshi.

Sauti ya Kayole: Muache asome anachopenda, asije akapata C kama mjomba wake.

Mama Pipeline: Samahani, narudi kwa Kimya Kingi. Mtu huyo wa Muthurwa, alikuwa na kalamu tatu katika mfuko wa shati?

Kimya Kingi: Nne. Moja ilikuwa nyekundu.