Mjadala: Je, vijiji vya Nyanda za Juu Kusini viendelee kuwauzia ardhi wapanda miti kutoka nje?

Mtoa hoja

Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili: mikutano mikuu ya vijiji vya Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete iendelee kuidhinisha uuzaji wa ardhi kwa watu wasio wakazi wanaotaka kupanda misindano na mikaratusi, au ikubali kukodisha tu? Msimamo wangu ni kukodisha tu, na ninausema nikijua kwamba wengi watakaosoma hapa wana ekari zao huko huko.

Sina ugomvi na miti yenyewe. Shamba la Serikali la Sao Hill, lenye zaidi ya hekta 130,000 katika Wilaya ya Mufindi, lilipanuliwa sana katika miaka ya 1970 ili kukilisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo, na ndilo lililowaonyesha wenyeji kwamba mti una soko kama yalivyo mahindi. Baadaye mpango wa Panda Miti Kibiashara, ulioendeshwa na Tanzania na Finland kuanzia mwaka 2014, ulivisaidia vijiji kupanga matumizi ya ardhi na kuwaunganisha wakulima katika vikundi. Ziko kaya zilizojenga nyumba ya tofali za kuchoma na kusomesha watoto hadi chuo kwa mbao, wala sioni haja ya kubishana juu ya hilo.

Shida iko kwenye kusubiri. Msindano ukiachwa ufikie miaka 18 na kuendelea, ukapogolewa na kupunguzwa kwa wakati wake, hutoa gogo nene lenye mbao imara za kuezekea. Mkulima mdogo, hata hivyo, mara nyingi huuza miti ya kati ya miaka 8 na 12, kwa sababu ada ya shule haisubiri na mgonjwa hasubiri, na kwa sababu anaogopa kwamba moto wa kiangazi utamwondolea vyote kwa usiku mmoja. Humuuzia mfanyabiashara miti ikiwa imesimama, kwa bei iliyokadiriwa kwa macho, na mashine ndogo za kupasulia mbao, ziitwazo ding-dong, zinazohamishwa kutoka shamba hadi shamba hupasua chochote zinachoweza kushika. Viwanda vya plaiwudi vya Mafinga navyo vinaweza kumenya magogo membamba, hivyo soko lenyewe linamwambia mkulima kwamba mti mchanga unatosha. Kwa bei anayopewa, sidhani kama unatosha.

Anayeweza kusubiri ni mwenye kipato kingine: mtumishi wa Dodoma, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, kampuni yenye mtaji. Huyo hununua ardhi ya yule aliyeshindwa kusubiri, na faida yote ya miaka kumi ya mwisho, ambayo ndiyo faida kubwa, huhama kijijini pamoja naye. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, lakini mkutano huo unaweza kuidhinisha kwa kunyoosha mikono asubuhi moja jambo litakalowafunga watoto ambao hawajazaliwa. Kodi ya pango inayolipwa kila mwaka, kwa upande wake, ingempa mwenye ardhi fedha za kulipia hiyo ada, naye akaiacha miti yake mwenyewe ikomae.

Mchangiaji kutoka Makete

Ndugu mtoa hoja, nimekusoma kwa makini na sehemu ya kusubiri umeieleza ilivyo. Hata hivyo, unatuzungumzia kana kwamba tulidanganywa wote. Mimi niliuza sehemu ya shamba la baba yangu nikiwa na akili timamu, na fedha hizo ndizo zilizonunua miche na kulipa vibarua wa kupanda sehemu iliyobaki. Kama ningezuiwa kuuza, eneo lote lingebaki nyasi hadi leo. Uhuru wa kuuza ndio uliokuwa mtaji wangu, maana benki haikuwa tayari kunikopesha kwa dhamana ya miti ya miaka mitatu.

Kuhusu pango, nakuuliza jambo la kawaida kabisa: kodi iliyoandikwa kwenye mkataba leo itakuwa na thamani gani baada ya miaka ishirini? Na mpangaji akitoweka mwaka wa saba, nani atamfuata? Mwenyekiti wa kijiji hana hata nauli ya kwenda mjini kumtafuta.

Umenyamazia pia suala la maji, ambalo huku kwetu ndilo linalotugombanisha zaidi. Wenye bustani za mabondeni, yaani vinyungu, wanalalamika kwamba vijito vimepungua tangu mikaratusi ipandwe kandokando yake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na waliopanda humo ni sisi wenyeji na wageni pia. Mwenye miti akiwa mpangaji badala ya mnunuzi, mkaratusi haunywi maji kidogo zaidi. Tena, wengi wetu sasa tunageukia parachichi, ambalo mche wake wa kubebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na huenda mjadala huu ukapitwa na wakati kabla haujaisha.

Mchangiaji kutoka Kilwa

Kwetu hatupandi, tunavuna msitu wa asili. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha msitu unaovunwa kwa uangalifu, kwa misitu yao ya mpingo, na kijiji cha Nanjirinji A kimepata fedha nyingi za maendeleo kwa kuuza magogo. Ardhi ni msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kwa hiyo anayekuja hununua gogo akaondoka nalo. Kwa nini Njombe isifanye hivyo?

Mtoa hoja

Ndugu wa Kilwa, mpingo wenu ni mali ya pamoja, uliota wenyewe, na kamati ya kijiji ndiyo inayousimamia. Ardhi ya Njombe ni ya koo na kaya, imegawanyika vipande vipande, na kila msindano una aliyeuchimbia shimo. Kuifanya mali ya kijiji kungekuwa kumnyang'anya mtu, na hapo ningesimama upande wa ndugu wa Makete.

Hoja yake ya thamani ya fedha ni nzito na siwezi kuipita. Pango la kiasi kisichobadilika halifai. Afadhali mkataba wa fungu la mavuno: malipo madogo kila mwaka ya kusukumia maisha, kisha sehemu ya magogo yenyewe siku ya kuvuna, kwa bei ya siku hiyo. Mkataba huohuo unaweza kuandika wazi mita 60 za kingo, na mpangaji anayezivunja apoteze haki yake ya kuendelea. Dhidi ya aliyekwisha kununua, kijiji hakina silaha hiyo. Mpangaji akitoweka, miti inabaki kwa mwenye ardhi, jambo ambalo aliyeuza hawezi kulitarajia.

Liko jambo moja ambalo ndugu yangu hakuligusa. Moto ukizuka mwezi wa Oktoba, mwenye shamba aliyeko Dodoma hawezi kuuzima. Wanaoacha kazi zao na kwenda kuupiga kwa matawi mabichi ni wanakijiji, na katika shamba lililouzwa wanaokoa mali ambayo hawana hata gogo moja ndani yake. Je, huko Makete wanaendelea kwenda, na kama wanakwenda, nani anawalipa?