Kura zetu 9 za Josh Gibson zimeitwa "zilizoharibika". Hii dharau nimeichoka!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa NBA, haya ni mambo mawili tofauti.

Naishi Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, huu mwaka wa kumi na moja. Pale ninapofanya kazi (jina silitaji, nina watoto wanakula kupitia pale) kila kiangazi kunakuwa na sherehe ya wafanyakazi. Mwezi uliopita likabandikwa tangazo mlangoni mwa kantini: kila mtu aandike jina la gwiji mmoja wa besiboli, awe hai awe marehemu, ambaye angetamani kuliko wote kukutana naye uso kwa uso. Atakayeongoza, picha yake kubwa itatundikwa ukutani pale tunapolia chakula. Juu ya friji ya soda likawekwa boksi lenye tundu. Nikaandika kwa herufi kubwa, JOSH GIBSON, nikakunja mara mbili, nikatumbukiza.

Ijumaa matokeo yakatoka. Nimeyapiga picha, ninayo kwenye simu. Roberto Clemente 31, Babe Ruth 17, Jackie Robinson 14, Willie Mays 6, Mickey Mantle 4, na wengine wa kura mojamoja. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: zilizoharibika, 9.

Nikamfuata msimamizi aliyehesabu. Nikamuuliza kwa adabu, kura yangu iko wapi? Akavuta droo, akatoa vikaratasi vimebanwa pamoja kwa klipu. Nikavipitia kimoja kimoja mbele yake. Vyote tisa ni Josh Gibson. Kimoja mtu kakosea kaandika "Gipson", kingine kimeandikwa kwa penseli hafifu mpaka nikakisogeza dirishani ndiyo nikakisoma. Tisa zote! Anajibu nini? "Huyu hakucheza Ligi Kuu, tukaona tusichanganye mambo."

Jamani. Tangazo halikusema Ligi Kuu, yaani MLB, ligi kubwa ya besiboli ya Marekani. Limesema gwiji wa besiboli. Na hata kama lingesema hivyo, bado angekuwa amekosea, na nitaeleza kwa nini.

Kwa wasiomjua. Josh Gibson alizaliwa Desemba 1911 huko Buena Vista, Georgia, akaletwa Pittsburgh akiwa kijana kwa sababu baba yake alipata kazi kwenye viwanda vya chuma. Alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kazi inayoua magoti kuliko zote uwanjani. Na pamoja na magoti hayo, alipiga mpira kuliko mtu yeyote. Alichezea Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, timu za hapahapa, lakini za ligi za weusi, maana Ligi Kuu ilikuwa imewafungia mlango watu weusi. Sheria ya maandishi haikuwepo. Wenye timu walikuwa wamekubaliana tu kimoyomoyo, na kuanzia mwaka 1920 mpaka 1944 kamishna wao, Kenesaw Mountain Landis, akakaa kwenye kiti chake bila mweusi hata mmoja kuingia.

Mtu unamfungia mlango, halafu baada ya miaka themanini unamwambia "hukuwa ndani, kwa hiyo huhesabiki". Hapo ndipo damu inaponichemka.

Maana kuhesabiwa ndiyo kesi yenyewe. Desemba 2020 wakuu wa besiboli Marekani wakatamka kwamba ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948 nazo zilikuwa Ligi Kuu. Mei 2024 takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 wa ligi hizo zikaingizwa kwenye daftari rasmi. Siku hiyohiyo Josh Gibson akakaa kileleni. Wastani wake wa kupiga ni .372, yaani kati ya nafasi elfu moja za kupiga alifanikiwa 372. Ty Cobb, aliyekuwa anashikilia rekodi hiyo tangu babu zetu, ana .367. Kwa nguvu za mapigo (vituo anavyopata mpigaji kwa kila nafasi ya kupiga) Gibson ana .718, Babe Ruth, yule mpigaji mzungu maarufu, .690. Na kwa msimu mmoja, 1943, alipiga .466, hakuna aliyewahi kufika hapo. Hizi ni takwimu za Ligi Kuu wenyewe, si porojo zangu za kijiweni. Nilimfungulia msimamizi kwenye simu aone. Akatazama sekunde mbili, akanirudishia. "Hizo wameziongeza juzi tu."

Wameziongeza juzi, lakini mapigo yalipigwa lini? Juzi?

Najua kuna watakaokuja hapa na hoja ya misimu mifupi, kwamba ligi za weusi zilicheza mechi sitini au sabini wakati wenzao wanacheza 154. Kweli. Lakini jiulizeni siku zilizobaki walikuwa wapi. Walikuwa barabarani! Wanapanda basi kutoka mji hadi mji, wanacheza mechi mbili kwa siku dhidi ya yeyote mwenye uwanja na wanaolipa kiingilio, usiku wanalala humohumo ndani ya basi kwa sababu hoteli hazipokei weusi. Mechi hizo zote hazikuhesabiwa. Kibao chake kule Cooperstown, kwenye jumba la magwiji alikoingizwa 1972, kimeandika kwamba alivusha mpira juu ya uzio karibu mara 800 katika miaka 17. Daftari rasmi linamtambulia mipigo isiyofika hata 200 ya aina hiyo, ile wanayoiita homurani. Kwa hiyo hata hiyo .372 mnayoibeza ni sehemu ndogo tu ya kazi aliyofanya.

Babe Ruth simchukii. Naelewa kwa nini hapa Pittsburgh anapendwa: tarehe 25 Mei 1935 alivusha uzio mara tatu kwenye mechi moja katika uwanja wa Forbes Field, na ule wa tatu, wake wa 714, ndio uliokuwa wa mwisho kwake katika Ligi Kuu. Mpira ulipita juu ya paa la jukwaa la kulia. Wazee wa hapa wanasimulia kana kwamba walikuwepo. Sawa. Lakini mwaka huohuo, mji huohuo, mwendo usiofika maili tatu kutoka hapo, kwenye uwanja wa Greenlee Field, barabara ya Bedford, Josh Gibson alikuwa anacheza na magwiji wenzake Cool Papa Bell na Oscar Charleston katika timu moja, Crawfords! Forbes Field ina kipande cha ukuta kilichotunzwa, watu wanakwenda kupiga picha. Greenlee Field ilibomolewa 1938, zikajengwa nyumba za kupangisha juu yake. Kisha mtu anamwita Gibson "Babe Ruth mweusi" akidhani anamsifu. Hapana. Ana jina lake.

Na kwenye lango la uwanja wa sasa wa mji huu kulikuwa na sanamu saba za magwiji wa ligi za weusi, Gibson akiwemo. Ziliwekwa 2006. Mwaka 2015 zikaondolewa. Mimi nilizikuta. Nilimpeleka mwanangu wa kwanza akiwa mdogo, akashika kiatu cha shaba cha Josh kwa mikono yote miwili, hataki kuachia. Sasa anataka kwenda tena, nimpeleke wapi?

Nilimpeleka makaburini. Allegheny Cemetery, mtaa wa Lawrenceville. Tulitafuta karibu nusu saa, kwa sababu jiwe lake ni dogo na limelala sawasawa na ardhi, majani yakirefuka kidogo tu unalipita bila kuliona. Mtoto ndiye aliyeliona kwanza. Palikuwa na mpira mmoja wa besiboli, umelowa mvua mpaka ngozi imeanza kubanduka kwenye mshono, mtu kauweka pembeni ya jina. Nikapangusa udongo kwa kiganja. Gibson alifariki tarehe 20 Januari 1947, akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla Jackie Robinson, mweusi mwenzake, hajaingia uwanjani Brooklyn na kuuvunja ule mlango. Kaburi lake likakaa bila alama yoyote mpaka 1975. Miaka 28 mtu kama yule amelala pale hata jina hana!

Na mnajua hilo jiwe limeandikwa nini? Jina, miaka yake, halafu maneno matatu ya Kiingereza ambayo Kiswahili chake ni: mchezaji gwiji wa besiboli. Basi. Tangazo la kantini liliuliza gwiji wa besiboli. Jiwe la mtu linajibu neno kwa neno. Bado kura yake imeharibika.

Sasa niwaambie kwa nini ningemchagua yeye, maana kuna mfanyakazi mwenzangu kaniuliza kama namchagua kwa rangi tu. Ningekaa naye kwa sababu ya mambo ambayo daftari haliwezi kunijibu. Mke wake, Helen, alifariki 1930 wakati wa kujifungua mapacha. Josh alikuwa na miaka 18. Watoto wakapona, mama akaondoka, na mwaka huohuo kijana yule akaanza kuchezea Grays. Mimi nilimpoteza dada yangu Tanga kwa namna hiyohiyo, mapacha hao leo wako kidato cha pili. Ningemuuliza Josh aliwezaje kusimama uwanjani siku ya kwanza.

Ningemuuliza pia kuhusu Septemba 1942, hapa Pittsburgh, fainali ya ligi za weusi, Satchel Paige, mrushaji mpira wa Kansas City Monarchs, dhidi yake. Walikuwa wamecheza pamoja Crawfords, wanajuana kama ndugu. Inasimuliwa kwamba Paige aliwaachia wapigaji wengine wapite makusudi ili akutane na Josh vituo vyote vikiwa vimejaa, akawa anamtangazia kila mpira kabla ya kuurusha, na Josh akakosa mara tatu. Hadithi hii nimeisikia kwa namna tano tofauti, na zote tano zimesimuliwa kutoka upande wa Paige. Paige aliishi mpaka 1982, akapata nafasi ya kusimulia. Aliingia Ligi Kuu 1948 akiwa na miaka 42. Josh aligunduliwa uvimbe kwenye ubongo 1943, akakataa kupasuliwa, akaendelea kucheza na maumivu ya kichwa. Upande wake wa ile siku hakuna anayeujua. Mimi ningetaka kuusikia kutoka kinywani mwake.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Wanaoniambia "wewe mtu wa Tanga besiboli inakuhusu nini", besiboli inachezwa hata nyumbani. Pale Azania Sekondari, Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Na hata usingekuwepo, mimi nalipa kodi mji huu, wanangu wamezaliwa hapa, mchezo huu ni wao.

NYONGEZA YA PILI: Kuna aliyesema ninawaonea wivu waliompigia Clemente. Sivyo kabisa. Clemente, Mpuerto Rico aliyechezea timu ya hapa Pittsburgh, alikufa tarehe 31 Desemba 1972, ndege ikaanguka baharini akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la Nicaragua. Mtu wa namna hiyo akishinda, ameshinda kihalali. Tena jana nimekaa na Mpuerto Rico mmoja wa zamu yetu, yeye alimpigia Clemente. Nikamwambia Gibson alichezea Santurce, timu ya Puerto Rico, kwao kabisa, akapiga .480 msimu wa 1941-42, na Santurce ndiko Clemente alikoanzia miaka kumi baadaye. Akanyamaza, halafu akasema babu yake alikuwa anamtaja sana Josh, yeye akidhani ni jina la mtu wa kijijini kwao. Naye kasaini.

Kusaini nini? Tumeandika barua. Wale tisa tumejuana. Kuna mama wanne wa kufua, vijana wawili wa stoo, mimi, dereva mmoja Mkongomani, na mzee mmoja wa usafi aliyezaliwa mtaa wa Hill District, ambaye baba yake alikuwa anaingia Greenlee Field kwa miguu. Ile penseli hafifu ilikuwa ya mzee huyu. Nilipompelekea kikaratasi chake alikiweka ndani ya kofia yake, akaivaa, akaendelea kupiga deki. Hakusema neno. Nilimwita "mzee wangu, tutalifuatilia", akainua mkono tu.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya zamu, tunaingia ofisini. Sasa tumefika kumi na mmoja. Hatuombi picha ishushwe wala uchaguzi urudiwe. Picha ya Clemente itundikwe, na mimi nitashika ngazi. Tunachotaka ni ile karatasi ya mlangoni iandikwe upya, na pale chini ya Jackie Robinson, juu ya Willie Mays, isomeke: Josh Gibson, 9.