Jirani yangu Mrundi amefariki ameniachia mtoto hapa Nakuru, nifanyeje asipotee kwa makaratasi?

fundi_freearea:

Hamjambo nyote, naomba mnisome mpaka mwisho najua ni ndefu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Free Area Nakuru, na tangu 2020 tumeishi ploti moja na dada mmoja Mrundi, mkimbizi, alikuwa anasuka watu nywele. Alikuja na mimba akajifungulia hapa hapa Nakuru, mtoto msichana, mimi ndio nilimpeleka hospitali usiku na tuktuk na mimi ndio nilimwogesha huyo mtoto wiki ya kwanza. Sasa dada ameugua kuanzia Januari mpaka mwezi wa tatu akatuacha. Tulichanga ploti nzima tukamzika. Mtoto sai ana miaka minne na nusu, analala na watoto wangu na ananiita mama fundi.

Alichoacha ni begi moja. Ndani kuna kadi yake ya ukimbizi, kadi ya kliniki ya mtoto, ile karatasi ya hospitali wanakupatia ukizaa (cheti chenyewe hakuwahi kufuata), simu iliyopasuka kioo na picha mbili za zamani. Baba ya mtoto hatumjui. Siku moja tu aliniambia ni dereva wa lori, hakuongeza kitu.

Kila mtu ananiambia lake. Jirani mmoja anasema nimwandikishe tu kama niliyemzaa mimi yaishe. Mwingine anasema nimpeleke kituo cha watoto yatima. Halafu kuna mzee hapa alinitisha sana, ati huyu mtoto hana nchi yoyote, serikali ikijua itamchukua imrudishe Burundi ama impeleke kambi. Tangu hiyo siku nalala usingizi wa mang'amung'amu. Je ni kweli hana nchi? Na serikali inaweza kunisaidia kutafuta watu wa mamake bila kumnyang'anya mahali amezoea?

mdau_kondele:

Pole sana mama fundi kwa msiba, na Mungu akubariki kwa kumshika huyo mtoto mkono. Mimi niko Kisumu, nimejitolea miaka kadhaa na maafisa wa watoto huku kwetu kwa hivyo nakuambia venye nimeona kwa macho.

Kwanza kabisa usimwandikishe kama wa kuzaa. Najua jirani anasema kwa roho safi lakini hilo ni kosa la jinai na zaidi ya hapo unafuta mamake. Siku bibi yake akitokea Burundi akitafuta mjukuu, hatapata jina popote. Nimeona familia mbili zimefanya hivyo na watoto walipofika kidato cha kwanza ukweli ukatoka kwa njia mbaya, maneno ya jirani tu wakati wa ugomvi.

Enda ofisi ya afisa wa watoto ya kaunti ndogo yako, beba hilo begi lote, na kama unaweza enda na chifu ama mtu wa nyumba kumi aseme anakujua. Piga ripoti polisi pia upate namba ya OB (kile kitabu cha matukio cha kituo), sio kwamba umekosa, ni ya kuonyesha huyo mtoto yuko kwako kwa uwazi na hukumficha. Ukikwama popote piga 116, ni simu ya watoto na hailipishwi.

Kuhusu kituo cha yatima, kwa sasa sera ya serikali yenyewe inakataa kukimbilia huko. Kuna mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kutoa watoto kwa vituo warudi kwa familia, na Sheria ya Watoto ya 2022 inasukuma upande huo huo. Ndugu wa damu wanatafutwa kwanza, wakikosa ni familia ya malezi ya muda, na kituo kinabaki kuwa mlango wa mwisho. Kwa hivyo afisa akikuta mtoto ameshalala kwenye kitanda anachokijua na mwenye nyumba anataka kumlea, hapo uko na nguvu ya kuongea. Usiogope ofisi. Ogopa kukaa kimya mwaka mzima.

wakili_mchanga_254:

Nimesoma sheria na hii mada iko moyoni mwangu sana, wacha nifafanue maana mzee wa hapo ploti amechanganya vitu viwili. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia nchi yake. Asiye na uraia ni mtu ambaye hakuna nchi yoyote inamhesabu kuwa wake. Mamake alikuwa mkimbizi lakini bado alikuwa raia wa Burundi. Shida inaweza kuja kwa mtoto, sababu Burundi ni kati ya nchi ambazo uraia unafuata baba (Somalia na Sudan pia ziko hivyo, na ndio maana kambini huku kwetu watoto wengi wako hatarini). Mama Mrundi anampa mtoto uraia pale tu baba hajulikani kisheria au amemkana mtoto. Kwa hivyo hilo swali la dereva wa lori sio umbea, ndio kiini cha kesi yote.

Angalia sasa. Kama baba hajulikani, mtoto anaweza kudai uraia wa Burundi kupitia kwa mamake. Kama dereva ni Mkenya na ithibitishwe, basi huyo mtoto ni Mkenya wa kuzaliwa, Katiba kifungu cha 14 kinasema baba au mama mmoja akiwa raia inatosha. Kama dereva ni wa nchi ya tatu na anajulikana, na nchi yake haitaki kumtambua, hapo ndipo mtoto anaangukia kwenye shimo la kutokuwa na uraia kabisa. Kuna watu watakuambia kifungu 14(4), kwamba mtoto anayeonekana chini ya miaka minane akipatikana Kenya na wazazi wake na uraia wake havijulikani anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Hicho ni kizuri sana lakini hakimhusu wako, mamake tunamjua na kadi iko. Tafadhali usidanganye ati umemuokota.

Kurudishwa kwa nguvu, hapana. Mkimbizi harudishwi nchi aliyoikimbia, na mtoto ndio kabisa. Sheria ya Wakimbizi ya 2006, kabla hii ya 2021 ichukue nafasi yake, ilimwagiza kamishna wa wakimbizi amsaidie mtoto aliye peke yake kutafuta wazazi au jamaa, na wasipopatikana apewe ulinzi sawa na mtoto mwingine yeyote aliyekosa familia. Mkataba wa Afrika wa haki za mtoto kifungu cha 23 unasema hivyo hivyo. Maana yake huyo binti kwa ulinzi anahesabika sawa na wako wa kuzaa.

Cheti cha kuzaliwa fuata sasa hivi, usingoje uraia. Cheti hakimfanyi mtu Mkenya, kinasema tu amezaliwa wapi, lini, na nani. Miezi sita ilishapita kwa hivyo ni usajili wa kuchelewa, unahitaji ile karatasi ya hospitali, kadi ya kliniki, kadi ya ukimbizi ya marehemu na barua ya chifu. Jina la baba liache wazi. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016 baba wa mtoto wa nje ya ndoa anaweza kuandikwa kukiwa na ushahidi, kwa hivyo mlango haujafungwa.

Na ukifika mbali ukataka kumuasili kabisa (awe mtoto wako kisheria), ni korti, sio chifu. Lazima uwe na miaka 25 kwenda juu lakini usipite 65, na umzidi mtoto kwa miaka 21. Uzuri ni kwamba kifungu cha 15 cha Katiba kinampa mtoto asiye raia aliyeasiliwa na Mkenya haki ya kuomba kuandikishwa raia. Lakini naomba kwa heshima usianzie hapo. Kuasili kunakata kamba ya kwao, na hiyo kamba hakuna aliyeivuta bado kuona iko na nani upande wa pili.

mjukuu_wa_kibos:

Mimi ni Mnubi wa Kibos hapa Kisumu, babu zetu waliletwa na jeshi la Mwingereza kutoka Sudan na mimi nimezaliwa hapa, baba yangu amezaliwa hapa. Sitaandika mengi, naongea cheti tu. Nilipofika miaka 18 wenzangu darasani walichukua kitambulisho kwa wiki chache, mimi nikaambiwa nilete cha babu, nikaja na cha babu nikaambiwa nikae mbele ya kamati ya wazee nihojiwe. Nilikosa nafasi ya kazi mara mbili hivyo hivyo. Kesi ya watoto wa Kinubi ilifika mpaka kamati ya Afrika ya haki za mtoto na Machi 2011 ikaamuliwa Kenya ilikosea, kwamba mtoto hafai kungoja miaka 18 ndio ajulikane ni wa wapi. Kuna jamii zingine zilikaa hapa bila uraia kama sisi: Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi 2016 ndio wakatambuliwa, Washona Desemba 2020, Wapemba 2023. Watu wazima na wajukuu, mama fundi. Huyo wako ana miaka minne. Ile karatasi ya hospitali uitoe kopi tano, moja weka kwa mtu mwingine nyumba isije ikachomeka na kila kitu. Nakuomba kama mtu ambaye aliitafuta kama hiyo akaikosa.

nyota_ya_kitale:

Nimesoma hii nikalia kidogo. Mimi nimezaliwa Sudan Kusini, nikafika Kakuma na miaka sita nikiwa nimeshika nguo ya mama ambaye hakuwa mama yangu. Sai niko Kitale nafundisha watoto wa chekechea.

Kambini tulipatiwa familia ya malezi. Mtu wa shirika alikuwa anakuja kututembelea anauliza tunakula nini, tunalala wapi, anaandika. Wakati huo nilimchukia na maswali yake, kila mara jina la kijiji, jina la mjomba, ng'ombe wa baba walikuwa na rangi gani. Lakini hayo ndio yalimpata shangazi yangu. Watu wa Red Cross walibeba ujumbe wangu wa karatasi, ulipita mikono mingi sana, na baada ya miaka mingi jibu likaja na jina la utani ambalo ni shangazi tu alikuwa anajua. Sikurudi. Niliendelea kukaa na mama wa malezi, lakini kuanzia hiyo siku nilikuwa na watu pande mbili.

Kwa hivyo mama fundi fanya hivi. Burundi watu hawajielezi kwa kijiji kama huku, wanataja kilima, halafu komuni (eneo la utawala lenye vilima vingi). Jina la kilima likipatikana kazi imepungua nusu. Wakati mamake alisajiliwa ukimbizi lazima aliulizwa ametoka wapi na amewaacha nani, hiyo faili iko kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi, wewe hawawezi kukupatia lakini afisa wa watoto anaweza kuiomba. Hiyo simu usiitupe, peleka kwa fundi wa simu, laini yake inaweza kuwa na namba za kwao. Na mwite mtoto jina lile mamake alimpa. Kama kuna wimbo mamake alikuwa anamwimbia kwa Kirundi na bado anaukumbuka, mrekodi leo usiku. Mimi wa kwangu nilibaki na mistari miwili tu.

fundi_freearea:

Jamani nimerudi, samahani nimekaa kimya wiki tatu, ni kwa sababu nilikuwa nafanya mliyoniambia. Asanteni, sana sana.

Afisa wa watoto ni dada mpole, hakunigombeza hata kidogo. Alikuja akaona nyumba, akaona kitanda, akaongea na watoto wangu kando, akaniandikia barua kwamba mtoto akae kwangu kwa sasa wakati wanafuatilia, na ameomba ile faili. Alisema kama nataka kuendelea atanipitisha kwenye taratibu za mlezi rasmi, nikakubali hapo hapo. Cheti kimeanza, chifu ameandika barua, jina la mama limewekwa herufi kwa herufi kama kwenye kadi. Kopi nimetoa tano, moja iko kwa kanisa.

Simu ilifunguka. Namba nyingi ni za wateja wa nywele lakini kuna tatu za Burundi, mbili hazipatikani na moja inaita bila kushikwa. Halafu zile picha mbili nilikuwa nazitazama mbele tu. Juzi mtoto wangu mkubwa akageuza moja nyuma kuna maandishi ya kalamu, jina la mwanamke na jina lingine ambalo mwanamume mmoja Mrundi anayeuza karanga hapa steji amesema ni kilima, na anakijua kiko komuni gani. Nimepeleka kwa Red Cross hiyo hiyo siku, wakachukua picha ya picha na wakajaza fomu.

Wimbo pia nimerekodi nyota_ya_kitale, ni mfupi lakini ameuimba wote. Alipomaliza akaniuliza kama huko kwa nyanya kuna kuku, nikamwambia tutauliza.