Kaseti 38 za redio: nyimbo, mpira na hotuba vimechanganyika. Naomba ushauri kabla sijakata

Mpenzi_wa_Dansi (Gongoni, Tabora)
Wakuu, habari za jioni. Nina kaseti 38 zilizorekodiwa redioni miaka ya 1970 na 1980, nyingi C90 (za dakika 90), chache C60 na mbili C120. Ninachotaka mimi ni dansi: Tabora Jazz, Kiko Kids, Nuta, Western. Shida ni kwamba kila upande ni mchanganyiko. Wimbo, halafu dakika kumi za mpira, halafu hotuba, halafu wimbo mwingine ulioanzia katikati. Nataka kuhamishia kompyuta nibaki na nyimbo tu, mpira na siasa nifute ili kuokoa nafasi. Nitumie vifaa gani? Na hizi kanda zinazoliwa na redio nifanyeje?

Fundi_Isevya
Kabla hujaiweka kaseti yoyote kwenye mashine yenye kitufe cha kurekodi, vunja vijino viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa nyuma. Kidole kikiteleza bila hivyo, umefuta. Kijino kimoja hulinda upande mmoja, kwa hiyo vunja vyote.

Usicheze hata moja kabla hujasafisha mashine. Nunua spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea; ile ya 70 ina maji mengi. Kwa vijiti vya pamba futa hedi (kichwa kinachosoma utepe), futa kipini cha chuma kinachozunguka, na mwisho raba inayoubana utepe kwenye kipini hicho. Raba ifutwe kidogo tu na ikauke. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, endelea. Hapo ndipo ilipo sababu kubwa ya redio kula kanda: raba ikiwa chafu au imekuwa ngumu, utepe huvutwa kombo na kujiviringisha. Sababu ya pili ni mkanda wa raba wa ndani ya mashine uliolegea, kiasi kwamba gurudumu la kupokea halina nguvu ya kuukusanya utepe unaotoka. Safisha tena kila baada ya kaseti tano au sita, maana kanda za umri huo humwaga unga.

Waya sasa. Usichomeke kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Nyingi ni za mono (chaneli moja) na huikuza sauti mpaka inapasuka. Tafuta kadi ya sauti ya USB yenye tundu la Line In. Kama mashine yako ni redio kaseti isiyo na tundu la kutolea zaidi ya lile la hedifoni, litumie, ila sauti iwe kama theluthi moja. Audacity ni programu ya bure na inatosha. Rekodi kwa 44,100 Hz na biti 24, vilele vya sauti visipite -6 dB. Ukisikia mvumo mzito, chomoa chaja ya laptopu utumie betri. Mara nyingi mvumo hukatika papo hapo.

Mpenzi_wa_Dansi
Asante sana fundi. Nafasi je? Nina diski ya GB 250 na nusu imeshajaa.

Fundi_Isevya
Dakika 45 kwa kipimo hicho ni kama MB 714. C90 nzima ni GB 1.4, zote 38 hazifiki GB 55. Ukizigeuza kuwa FLAC, aina ya faili linalobana sauti, zitapungua bila kupoteza chochote. Hoja ya nafasi imekufa hapo. Kinachokula sana ni muda: ni saa 57 za kucheza, na haiharakishwi.

Kigoma_Santuri (Ujiji)
Mkuu, naomba usifute mpira wala hotuba. Siyo kwa sababu ya mapenzi ya mpira. Wimbo uliorekodiwa redioni hauna tarehe, lakini yanayouzunguka yanayo.

Mtangazaji akisema "Sunderland" badala ya Simba, uko kabla ya mwaka 1971. Ukisikia Mufulira ya Zambia na mabao matano, ni 1979: Simba walifungwa 4-0 nyumbani, wakaenda Lusaka wakashinda 5-0. Taifa Stars wakiwa Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika ni Machi 1980. Kwenye siasa ni hivyo hivyo. TANU ikitajwa kama chama kilichopo, bado ni kabla ya 5 Februari 1977, kwa sababu siku hiyo ndiyo TANU na ASP ziliungana kuwa CCM. Rais wa Tanzania akiwa Mwinyi, umeshavuka Novemba 1985. Hata jina la bendi ni saa: Nuta Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi nayo ikaitwa Juwata Jazz. Muziki, mpira na siasa vilikuwa na stesheni moja, kwa hiyo utepe wako umevipanga kwa mfuatano wake. Ukikata kipande kimoja, vingine vinakuwa yatima.

Ila angalizo: mfuatano huo huvunjika pale mtu aliporekodi juu ya rekodi ya zamani. Utasikia mlio mfupi wa "tap" na kiwango cha sauti kubadilika ghafla. Weka alama hapo, na usitumie tarehe ya upande mmoja wa alama kuupa mwaka wimbo wa upande wa pili.

Wekundu_Cheyo
Na ukisikia 6-0, ni Simba kuifunga Yanga, 19 Julai 1977. Hiyo usifute hata kwa bunduki 😂

Jangwani_Mjini
Mada ni kaseti, wewe umeleta kidonda. Na atakayesikia 5-0 ya Yanga ya 1968 aiweke pia.

Kigoma_Santuri (Ujiji)
Turudi. Jambo linaloharibu rekodi nyingi za dansi mtandaoni ni mwendo. Redio kaseti iliyorekodi kwa betri zinazokufa ilizunguka polepole, hivyo ukicheza leo kwa mwendo sahihi waimbaji wanakuwa na sauti za watoto. Kama ilirekodiwa ikiwa kwenye umeme, kuna mvumo wa 50 Hz ndani ya utepe wenyewe. Cheza kaseti kwa mashine ya betri ili usichanganye na mvumo wa nyumbani kwako, kisha tazama masafa kwenye Audacity katika sehemu ya ukimya. Ukiona kilele kwenye 52, punguza mwendo kwa asilimia 3.85. Betri zilizokuwa zinaisha hushuka taratibu, kwa hiyo kwa kaseti za betri linganisha sauti ya mwanzo, katikati na mwisho wa upande.

Usisahau skrubu ndogo pembeni ya hedi. Kama sauti imefifia kana kwamba bendi iko nyuma ya pazia, izungushe robo ya mzunguko huku na huku mpaka matoazi yang'ae. Kila kaseti iliyotoka mashine tofauti itataka nafasi yake. Ukiwa kwenye stereo, sikiliza kila chaneli (kushoto na kulia) peke yake, halafu baki na ile safi: utangazaji wa masafa ya kati na mafupi ulikuwa wa mono.

Faili la kwanza libaki zima bila kusafishwa. Nyimbo zikatwe kwenye nakala. Jina liwe hivi (kaseti, upande, mwaka, mechi iliyo karibu, bendi): K07_A_1979_Simba-Mufulira_TaboraJazz. Bendi nazo ziwekwe mahali pake. Kiko Kids na Tabora Jazz ni za mkoani kwenu, Lake Tanganyika Jazz ni ya huku Kigoma, na Western Jazz ya mtindo wa saboso ilikaa Dar es Salaam, jina lisikudanganye.

Mwanasheria_wa_Kijiweni
Kwa kusikiliza nyumbani, sawa. Ukitaka kupandisha YouTube, kumbuka Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999: haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Anza kwa kuulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na warithi. Kuandika "sidai umiliki" chini ya video hakubadilishi kitu.

Mpenzi_wa_Dansi
Nimewaelewa, sikati. Mambo matatu. Moja inalia kama mlango na inasita. Nyingine kile kitambaa kidogo cha ndani kimedondoka. Halafu kuna yenye lebo "Nyerere, Uamuzi wa Busara, Tabora 1958". Hiyo si dhahabu?

Fundi_Isevya
Inayolia: igonge bapa kwenye kiganja mara kadhaa, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe. Ikiendelea, hamishia utepe kwenye ganda lingine. Chagua kaseti ya kutupa yenye skrubu tano. Zile zilizogandishwa kwa gundi bila skrubu utazipasua kwa wembe kwenye mshono. Kitambaa kilichodondoka tiba yake ni hiyo hiyo ya kubadilisha ganda, kwa sababu bila kitambaa utepe haugusi hedi vizuri na sauti hupotea na kurudi. C120 zako mbili usizirudishe kwa kasi. Utepe wake ni mwembamba mno na hutanuka. Zicheze tu mpaka mwisho.

Kigoma_Santuri (Ujiji)
Mkutano wa TANU ulifanyika kweli Tabora, Januari 1958, lakini kaseti za aina hii Philips walizitoa 1963. Kwa hiyo ni kipindi cha kumbukumbu kilichorushwa baadaye, au nakala ya nakala. Subiri tangazo la stesheni: jina la Radio Tanzania Dar es Salaam lilianza 1965. Mwaka wa kuandika kwenye faili ni wa matangazo, wa mkutano uweke kwenye maelezo. Na wimbo unaofuata hapo usiupe 1958.